Kausha mate

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha kikoba chetu Jumamosi. Katibu alirekodi kwenye simu, binti yangu akakaa na mimi tukaandika, nimeyaacha kama nilivyoyasema isipokuwa pale umeme ulipokatika.)

Mbukwenyi!

Mmeona eeh, wenye mji wao wameitikia hapo hapo, sisi wa kuja mpaka tuangaliane kwanza. Shikamooni wakubwa zangu wote, mashoga zangu habari za mchana, mwenyekiti asante kwa nafasi, umenipa dakika ishirini na najua kwenye ya kumi utaanza kunionyesha saa maana hisa bado hazijahesabiwa, lakini leo nivumilie, sijawahi kuomba kuongea tangu tuanzishe hiki kikoba na sidhani kama nitaomba tena.

Wengi mnanijua, mimi ni mtu wa wali maharage, maiki hii naishika kama mwiko. Nilikuja Dodoma 2017 nikitokea Morogoro, serikali inahamia na mimi nikasema watumishi wakihama matumbo yao hayawezi kubaki Dar, nikaanza na meza moja na sufuria tatu pale Ihumwa, baadaye walivyoanza kujenga mji wa serikali Mtumba nikasogea karibu na mafundi. Mafundi wanakula jamani. Sahani ya fundi zege karani wa ofisini anaimaliza kwa siku mbili. Basi biashara ikawa inaenda, na mtu biashara ikimwendea ndo anapata akili za ajabu, nikachukua mkopo wa laki nane ninunue friji na niezeke banda mabati. Mkopo gani sisemi, nikisema kausha damu nusu ya humu ndani mtaanza kuangalia sakafu. Elfu ishirini na tano kila siku, na sikukuu zimo. Saiti ikaisha, mafundi wakahamia kwingine, marejesho yakabaki na mimi.

Hapo ndo usingizi uliponihama. Nalala saa nne nimechoka hoi, saa saba macho yanafunguka kama kuna mtu kaniita jina, alafu hesabu zinaanza, unga kiasi gani, mkaa kiasi gani, nimpunguzie nani nyama. Yule dada wa marejesho alikuwa anakuja na pikipiki, kwahiyo nikisikia pikipiki yoyote moyo unanipiga mpaka kwenye masikio, hata kama ni kijana wa maziwa. Miezi miwili hivyo. Nikaanza kumfokea binti yangu mbele ya wateja, siku moja nikalia kwa sababu kitunguu kimeoza. Kitunguu kimoja!

Nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya, sikitaji na msiniulize. Daktari alikuwa na foleni mpaka nje kwenye jua, simlaumu sana, akaniuliza maswali matatu, akaandika. Dirishani nikapewa kabahasha kadogo ka dawa, juu kameandikwa kwa kalamu herufi kama kuku kapita, na chini "1 usiku". Nikamuuliza kijana, mwanangu hii ni ya nini, akasema ya usingizi mama. Mwingine!

Maelezo yote ndo hayo. Ya usingizi mama.

Na nilale wee! Nisije nikawadanganya hapa, ile dawa usiku wa kwanza usingizi ulikuja kama mtu kanifunika turubai. Nilimeza saa nne na nusu, mimi ambaye kila siku saa kumi alfajiri niko jikoni nakanda maandazi, siku hiyo nimeamshwa saa moja asubuhi na mzee wangu anadhani nimekufa. Kichwa kizito kama nimeamka na msiba, lakini nimelala, na baada ya wiki mbili tatu hata pikipiki nikawa nazisikia kama pikipiki tu. Nikawa mhubiri wa ile dawa. Mtu akisema halali namwambia njoo nikupe dawa. Hapo nitarudi.

Sasa sikilizeni kilichofuata maana ndo maana nimesimama hapa. Hakikuja kitu kimoja kikubwa ambacho mtu unasema hii ni dawa. Vilikuja vitu vidogo vidogo, kila kimoja siku yake, na kila kimoja kikawa na sababu yake nzuri kabisa ambayo jirani yeyote angekupa.

Kwanza kinywa. Ulimi ukawa unanata kwenye kaakaa, nikiamka ni kama nimelala nimelamba gunia. Kila mtu akaniambia ni Dodoma hiyo, ilikuwa Agosti, upepo na vumbi, huu mji kwanza wenyewe hauna mate. Nikakubali. Nikawa natembea na chupa ya maji kama mchezaji. Nikasema kausha damu nilishaizoea, sasa imekuja kausha mate. Nikacheka mwenyewe.

Ila mtu mwenye kinywa kikavu haonji vizuri, na hilo sikulijua. Siku moja, nakumbuka ilikuwa Jumatano maana Jumatano napika maharage ya nazi, nikaonja kwenye kiganja kama kawaida yangu, nikaona hayana chumvi. Nikaongeza. Nikaonja, bado. Nikaongeza tena, nikaona hapa sawa, nikapakua. Kuna dereva mmoja wa lori la mchanga mteja wangu wa siku nyingi, akapiga kijiko cha kwanza, akakiweka chini taratibu, akaniangalia akasema "Mama, leo umemwaga Uvinza yote humu?" Watu wakacheka. Nikadhani ananitania, nikaenda kuonja tena mbele yao, na wallahi nikaona ni maharage ya kawaida. Binti yangu akaja akaonja, akatema kwenye khanga. Sufuria zima nikagawa kwa wafuga nguruwe, na hata wao walisema niongeze maji. Mama lishe asiyejua chumvi ni nini sasa hapo? Nikajua nimerogwa, jirani yangu wa supu alikuwa ananionea kijicho siku nyingi, nikamnunia wiki mbili mwenzenu na hana kosa.

Cha pili samahani kwa wanaotafuna. Choo. Siku nne, siku tano. Wenyeji wakanitibu kwa mlenda, nikala mlenda asubuhi mchana jioni, papai, maji ya uvuguvugu, mpaka nikawa nauchukia mlenda na mnisamehe Wagogo. Sababu yake? Nikaambiwa umekaa sana jikoni kwenye joto, utumbo umekauka. Na mkojo nao ukawa wa kusubiri, unachuchumaa unahesabu mabati, nikasema ni utu uzima.

Macho nayo. Karibu hapa siioni meseji, mbali naona vizuri kabisa, sasa nina miaka arobaini na sita, nikaambiwa huo ndo umri wenyewe, nikanunua miwani ya elfu tano kwa machinga pale Sabasaba. Kabla ya miwani mteja alinilipa kwa simu nikasoma 8,500 kumbe 3,500, nikamrudishia chenji. Na mimi ndo nikamrudishia chenji! Alipokea akaondoka, Mungu anamwona.

Alafu nikanenepa. Hapa wengi mlishuhudia, mlikuwa mnanipongeza, umenawiri, Dodoma imekukubali, mkopo umeisha eeh. Sukari nilikuwa natamani kama mjamzito, maandazi manne kabla wateja hawajafika. Kilo 68 mpaka 77 kwa miezi minne, ile sare yetu ya kitenge zipu ikagoma nikashona kipande pembeni, si mliona kile kipande, nilisema ni fasheni. Na mambo ya chumbani, kwa kuwa tuko wanawake tupu, yalizimika kabisa kama luku imeisha, mzee wangu akaanza kuniuliza huyo mwenye lori ni nani. Naliacha hapo.

Kilichonichanganya zaidi ya vyote ni moyo. Baada ya muda ukaanza tena kwenda mbio, hasa nikisimama. Nikasema wasiwasi umerudi. Dawa ya wasiwasi ninayo, kwahiyo nikafanya nini? Nikaongeza mwenyewe, kutoka kimoja hadi viwili. Moyo ukazidi. Na lile vumbi lilinipa mafua, nikawa nameza na Piriton juu yake, kila usiku, Piriton nani anaiogopa, tunawapa hadi watoto.

Usiku mmoja nikaamka kwenda msalani. Nilisimama tu, hata hatua ya pili sikumbuki. Niliamka niko chini, damu inaingia jichoni, nimepiga kona ya lile friji la mkopo. Friji lenyewe! Nyuzi tatu hapa juu ya nyusi, kovu mnaliona. Na mtaani ikawa baba watoto kaanza kupiga, yule mzee wa watu hajawahi kuninyanyulia hata sauti, alikaa wiki nzima hapiti dukani kwa aibu.

Ndo nikakutana na nesi aliyenishona. Binti mdogo tu wa kuzaa. Anashona huku anauliza, mama umeanguka vipi, mama unatumia dawa gani. Nikasema situmii dawa yoyote. Mnaona? Kwa akili yangu ile haikuwa dawa, dawa ni ya ugonjwa, mimi siumwi, nina kitu cha usingizi tu. Akanilaza akanipima presha, akanisimamisha akapima tena, ikawa imeshuka sana kwa kule kusimama tu. Akauliza kwa mara ya tatu, huna kidonge chochote unachomeza usiku? Nikamtolea kabahasha kwenye pochi. Akasoma akatulia, akasema mama hii ni amitriptyline miligramu 25, hii ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito.

Sasa mimi nilisikia kingine. Hapa Dodoma, na siku hizi Tanzania nzima, ukitaka kumtukana mtu si unamwambia tu wewe Mirembe wanakusubiri, kule hospitali ya magonjwa ya akili? Mimi nilichosikia ni hicho. Kwamba miezi mitano nameza dawa za Mirembe na sijui, na kwenye kile kituo kuna faili langu limeandikwa huyu mama ni chizi. Sikumsikiliza tena yule binti na alikuwa ananiambia jambo la maana kabisa, alisema usiiache ghafla rudi kwa daktari. Nilifika nyumbani nikamwaga vyote chooni.

Siku ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu nikaanza kutapika, jasho shuka linalowa, kichwa, mwili mzima unatetemeka kwa ndani kama simu ikiwa kwenye mtetemo, na usingizi haupo kabisa, nikisinzia dakika kumi naota ndoto zenye rangi kali, marehemu mama yangu anauza samaki ndani ya daladala. Nikapima malaria, hamna. Binti yangu mkubwa ndo akasema mama, kesho tunaenda Mirembe. Nikamwambia labda unipeleke maiti.

Tulienda. Nilimwambia wa bajaji anishushe mbali kidogo, nikatembea nimejitanda mtandio mpaka puani, nafika kwenye benchi la kliniki nakaa, pembeni yangu kuna baba kavaa kofia kaivuta mpaka machoni. Tukakaa hivyo. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Mama, leo Mtumba hakuna chai?" Mteja wangu! Mtumishi, wa chapati mbili na supu. Tulicheka mpaka tukaambiwa tunyamaze. Mimi nilidhani huko nitakuta watu wamefungwa kamba, nikakuta watu wa kawaida wameshika vyeti wanachungulia simu zao.

Daktari wa pale alinisikiliza nusu saa nzima. Yale yote niliyowasimulia, chumvi, mlenda, miwani, zipu, friji, nilimtajia kama vitu mbalimbali na yeye akawa anatikisa kichwa tu kama mtu anayesikia habari za ndugu yake. Alafu akaniuliza unakaa wapi, nikasema Nzuguni, akasema maji yakikatika kwenu yanakatika jikoni tu au nyumba nzima? Nikasema nyumba nzima, wakifunga koki kuu ya nje ndo basi. Akasema mwilini kuna kemikali inaitwa asetilikolini, ndiyo inayopeleka amri ya mate yatoke, utumbo usukume, kibofu kifunguke, jicho lijirekebishe kusoma karibu. Hii dawa inaifungia njia hiyo kemikali. Kwahiyo kinywa, choo, mkojo, macho, ile ni koki moja. Piriton nayo inafunga koki hiyo hiyo, ulikuwa unafunga kwa mikono miwili. Kunenepa na ule uzito wa asubuhi ni kwa njia yake nyingine, na kuanguka ni kwa sababu inalegeza mishipa ya damu, ukisimama ghafla damu inachelewa kufika kichwani, na moyo nao unakimbia kuifukuzia.

Nilikaa kimya. Yaani jirani wa supu nilimnunia bure.

Akaniambia dawa yenyewe siyo mbaya, ni ya siku nyingi, Marekani waliipitisha 1961 na mpaka leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa sonona watu wanafika miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Kwa dozi ndogo wanaitumia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa kipandauso, na wengine wanaiandika kwa usingizi kwa sababu inalaza. Nikamuuliza mbona sikuambiwa? Akasema mama hilo mimi siwezi kulijibia, ila ulitakiwa kuambiwa. Ulitakiwa kuambiwa uimeze mapema, saa mbili usiku siyo saa nne na nusu, wewe unayeamka saa kumi. Ukae kwanza kitandani kabla ya kusimama. Na uulizwe kama una presha ya macho, kama una shida ya moyo, na kwa wazee wa kiume kama wana tezi dume.

Mkumbuke kwenye uzazi wa mpango wanatuita kabisa, wanatukalisha, wanatuambia kuna maudhi madogo madogo, utaona hiki utaona kile, ukiona hiki rudi. Ukikiona hushtuki, unasema aa ndo hicho walichosema. Sasa kwa nini kwa hii nisiambiwe? Mimi nadhani, na hapa ni mimi siyo daktari, waliogopa kusema neno sonona, wakadhani nikilisikia nitaikimbia. Na ni kweli ningekimbia! Lakini si niliikimbia vilevile, tena baada ya kupasuka nyusi.

Kuhusu kuacha akasema haikuwa uteja kama wa gongo, ila mwili ulishajipanga kwa ile dawa, ukiuondolea ghafla unayumba. Akanirudisha kwenye kimoja, kisha baada ya wiki kadhaa nusu, nusu tunakata na wembe, kisha nusu siku moja moja, mpaka ikaisha. Kinywa kilirudi cha kwanza. Nilijua siku niliyokula embe bichi na chumvi mate yakanitoka pembeni ya mdomo nikalia, watu wakadhani ni pilipili. Kilo bado, hizo naona zimenunua kiwanja.

Alijaza pia fomu moja ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wale waliokuwa TFDA mpaka 2019, anaandika dawa gani, imefanya nini, tangu lini. Sikujua kama kuna mahali mtu anaandika kwamba dawa imemfanyia hivi na ikasomwa. Ukipatwa muombe anayekutibu aijaze, siyo kesi, humshtaki mtu.

Na mambo mawili aliyasema kwa ukali nayasema kama alivyoyasema. Hivi vidonge vikizidi vinaua, vinashika moyo, mwenye watoto ndani asiviweke kwenye kopo la sukari kama nilivyofanya mimi, afungie. Na kijana wa chini ya miaka 25 akianzishiwa dawa za sonona wiki za mwanzo mwangalieni kwa karibu, baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaongezeka kabla hawajapata nafuu, akibadilika mrudisheni haraka msisubiri tarehe ya kliniki.

Usingizi siku hizi? Upo nusu nusu. Mkopo nilimaliza kwa kuuza lile friji, hapana msicheke, niliuza kweli, damu yangu ikiwa bado kwenye ile kona. Kule kliniki kuna dada naongea naye kila baada ya muda, kanikataza chai ya rangi baada ya saa kumi jioni na kanikataza kulala kitandani nikihesabu, nikianza kuhesabu niamke nikae jikoni mpaka usingizi uje wenyewe. Kuna usiku unakuja, kuna usiku nachambua mchele wa kesho.

Mwenyekiti nimekuona, namaliza. Nilisema nitarudi pale pa kuhubiri.

Mwezi wa pili wa ile dawa, shoga yangu mmoja alinililia kwamba mama yake halali, anazunguka ndani usiku kucha. Bibi wa miaka sabini na kitu. Nikakata karatasi ya daftari la madeni, nikafunga vidonge vitatu, nikasema mpe kimoja kila usiku, mimi mwenyewe natumia, ni vya usingizi tu. Maneno yale yale ya dirishani, nikayasema mimi.

Usiku wa pili bibi akaanza kuongea na kaka yake aliyekufa zamani. Anamkaribisha akae, anamuuliza ng'ombe wamefika. Ananyofoa nyofoa blanketi kama anatoa miiba. Wa tatu hamjui mwanae. Walimwita mchungaji, wakakesha kwa maombi, na mimi nilikuwepo, nilishika mkono wa bibi, ulikuwa mkavu na wa moto, nikasema amina. Mpaka tumbo likavimba chini hapa ndo wakampeleka hospitali, kumbe mkojo umeziba, wakamuwekea mpira. Wakaulizwa anatumia dawa gani, wakasema hatumii. Kwani ile ilikuwa dawa? Alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa akili zikiwa zake, na mtaani ikawa ni maombi yamejibu.

Siku ile Mirembe daktari akiwa anaongea akasema, na mzee kwa mzee hii tunaiogopa, inaweza kumchanganya akili na kumfunga mkojo. Alisema kama anapita tu. Mimi nikaangalia dirishani. Binti yangu akaniuliza mama vipi, nikasema vumbi.

Hiyo ni miezi minane. Miezi minane nanunua mboga kwake, nacheza michezo ya hisa naye, anaweka sahihi kwenye daftari langu na mimi kwenye lake. Jumatatu hii nilienda kwake jioni, alikuwa anachambua maharage, nikakaa kwenye ndoo nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua. Alichambua ungo mzima hajasema neno, akapepeta, akamwaga kwenye sufuria, kisha akasema, kaseme Jumamosi, mimi nitakuwepo.

Yupo. Hajaniangalia tangu nianze kuongea lakini yupo, na bibi nimemwacha nyumbani asubuhi hii kwenye kigoda chake juani, kaniagiza dagaa wa Kigoma, kasema wale niliompelekea wiki iliyopita hawana chumvi.